Kikwembe cha Mama Mgongoni mwa Déo

Na jambo jingine, Papa, lile ambalo hukunipa nafasi ya kulisema Jumapili kabla hujakata simu: nilikikata mwenyewe. Si Déo. Si fundi. Mimi binti yako nilishika mkasi kwa mkono huu wenye pete ya wiki saba, nikakikata kikwembe cha mama, kile kitenge alichonibebea.

Najua unasoma umesimama. Kaa, Papa mpendwa. Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Tantine Espérance, dada yako, ameshawaambia wanakwaya wote wa huko kwako Liège, na wanakwaya wamewaambia watu wa huku Bruxelles, hadi mama anayeniuzia sombe, majani ya muhogo, pale Chaussée de Wavre akaniuliza juzi kama ni kweli bwana wangu anatembea na bastola iliyofungwa kwa nguo ya marehemu. Basi na wao wasome. Mimi sina cha kuficha. Nina furaha tu, na hasira kidogo.

Kwanza, si bastola. Huku bastola hairuhusiwi kuwindia. Ni bunduki ndefu ya kuwindia kulungu, yenye darubini juu yake, nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Déo ameifanyia mtihani, ana karatasi zake zote, na hapa kwetu Etterbeek inalala ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Aliyemfundisha ni mzee mmoja wa misitu ya Ardenne aliyekuwa akimwogesha na kumlisha katika nyumba ya wazee anakofanya kazi. Hayo ulikuwa unayajua hata kabla ya harusi. Ulikunja uso, ukasema, "Bon, kila muntu na kichwa yake," ukatubariki, ukapiga gitaa.

Kilichokuchoma ni kikwembe. Maneno yako nimeyabeba wiki nzima: "Weye mutoto, ile kikwembe njo ilikubeba wakati tulikuwa tunakimbia bunduki. Leo unafungia nayo bunduki? Bon. Usirudie kwangu." Halafu ukakata simu.

Papa, mimi sikumbuki siku tuliyotoka Bukavu. Nina kumbukumbu yako tu, uliyonipa mara nyingi sana mpaka naiona kama yangu. Wewe ulikuwa na godoro kichwani. Mama alinifunga mgongoni kwa kile kikwembe cha bluu chenye maua ya njano, na kila mlipofika kwenye kizuizi cha wale vijana wenye silaha alikuwa akiniambia polepole, "Lala, maman, lala," ingawa nilikuwa macho. Uliniambia kwamba fundo halikulegea hata mara moja, kwa siku nne. Ulikuwa ukilisema hilo kwa kiburi, kama vile mama alikuwa amejenga daraja.

Alipotutoka, hapa hapa Ubelgiji, Tantine aligawa nguo zake kwa wanawake wa ukoo kama ilivyo desturi. Mimi nikapewa kile. "Hii haivaliwe, haikatwe," alisema. "Inakalaka." Nami nikatii. Kilikaa sandukuni chini ya kitanda changu Saint-Gilles, na dawa ya nondo, miaka tisa. Unajua kilivyokuwa kinanuka? Hakikunuka mama. Kilinuka dawa ya nondo.

Lakini nataka ukumbuke siku nyingine, hiyo ambayo niliiona kwa macho yangu. Tulipohamia Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba zinazopinda kama utumbo. Mashine ya kufulia imebaki mlangoni. Wale vijana wawili wa ghorofa ya kwanza walijaribu kuiinua kwa mikono wakashindwa, wakaketi juu yake. Wewe ukatoa mkanda mpana, ukaizungushia mashine, ukapitisha sehemu pana kwenye paji la uso, vile mama zetu wa Bukavu wanavyobeba mizigo sokoni, ukainama. Ukapanda nayo! Ghorofa tatu! Jirani yule mwenye mbwa alitoka akapiga makofi. Mama alikuwa nyuma yako anacheka mpaka analia: "Eeh, nimeolewa na mwanamuke!" Nawe, shingo imekaza, jasho linatiririka, ukajibu bila kugeuka, "Mwanamuke mwenye nguvu lakini!"

Ulipoitua ukaniita. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ukaniambia, "Sikia. Mabega ni watoto, yanalialia upesi. Uzito unabebwaka na mwili muzima." Ukanionyesha namna ya kufunga: upana kwanza, halafu chini, halafu fundo.

Basi, Papa, nitakuambia kosa langu lilianzia wapi. Lilianzia kwako.

Wiki mbili baada ya harusi Déo alirudi kutoka mawindoni, akavua shati jikoni. Begani palikuwa na mstari mwekundu, karibu damu, mahali mkanda mwembamba wa bunduki ulikuwa umekata. Kwenye kiuno, alama ya bluu: ile darubini inamgonga kila hatua. Kutwa nzima anaurudisha mkanda begani na unateleza, anaurudisha na unateleza, na mkono mmoja daima umeshikilia bunduki. Mimi ni bibi harusi, Papa! Bega lile ndilo ninalolalia! Nilimpaka mafuta nikiwa nimekasirika kana kwamba kuna mtu amempiga.

"Si kitu, chérie," anasema.

"Ni kitu. Ni bega langu."

Akacheka mpaka mafuta yakamwagika. Namna anavyocheka, Papa, kichwa nyuma, bila sauti kwanza, halafu sauti inakuja yote mara moja! Ningeweza kuolewa naye tena kila Jumamosi.

Nikatoa sanduku chini ya kitanda chetu, lile nililohama nalo.

Nikaenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Bruxelles, kwa fundi Issa, yule Mrundi wa Bujumbura aliyeshona gauni langu. Bunduki sikuipeleka, bila shaka. Nilichukua mpini wa ufagio wa urefu ule ule, nikafunga chupa ya maji juu yake ndiyo iwe darubini. Nikamsimamisha Déo katikati ya duka, ufagio mgongoni, wateja wanaangalia.

Fundi Issa akashusha miwani. "Bibi harusi, mwezi uliopita nilikushonea shela. Leo unaniletea jeshi?"

"Si jeshi, tonton. Ni mume."

"Ah. Basi yote ni vita." Akachukua tepu. Lakini alipoona kile kikwembe, kilivyopauka, mkono wake ukasimama. "Hiki ni cha mtu," akasema. "Mimi sikati nguo ya mtu aliyelala." Akaniwekea mkasi mezani, akageuka akaangalia barabarani.

Ndipo nikakata. Theluthi moja tu, Papa, kwa urefu. Yeye akashona: mikanda miwili mipana iliyokunjwa mara nne, inapita juu ya mabega yote mawili kama mkoba wa shule, na kipande kipana kinachofungwa kifuani kwa fundo.

Kisha tukaenda Ardenne, mimi na yeye. Wenzangu wanapelekwa baharini kwa fungate, mimi nilipelekwa kwenye matope, na nisingebadilishana na mtu. Bunduki ilikuwa tupu, risasi mfukoni. Nikamfungia bunduki mgongoni mwenyewe chini ya miti, fundo kifuani, nikafurahi sana. Tulipoingia msituni, kila tawi lilishika mtutu. Anapita, tawi linavutika, linarudi, maji yote ya mvua yananimwagikia mimi niliye nyuma! Mara ya tatu nikasimama, nimelowa, nikakumbuka mama akimwambia yule jirani yetu Mrundi aliyekuwa na mtoto wa kwanza: "Umemufunga juu sana. Atagonga kichwa kwenye mulango. Shusha mutoto."

Nikashusha mtoto. Nikaifungua, nikaigeuza mtutu uangalie chini, darubini iangalie nje isimgonge uti wa mgongo, nikaifunga chini, karibu na kiuno. Nikakaza fundo. Déo akatembea hatua kumi, akainama chini ya tawi, akanyooka, akageuka. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaitazama kama aliyepewa mikono mipya.

"Siisikie," akasema. "Nifanye nini sasa na mikono hii?"

Nikampa wangu. Tulipanda kilima kile tumeshikana mikono.

Papa, hapa ndipo ninapotaka usome polepole, halafu unikasirikie ukipenda. Wale tuliowakimbia, uliniambia mwenyewe, bunduki zao hazikutoka mikononi. Walikula nazo, walisalimia nazo, walimpapasa mama mgongoni kwa mtutu kutafuta kama ni mtoto kweli. Mtu wangu mimi, ili aifikie bunduki yake, lazima asimame, afungue fundo lililofungwa na mkewe, atoe risasi mfukoni. Ana muda wa kufikiri. Alfajiri ile kule msituni alipita kulungu jike na mtoto wake, mbali kama kutoka mlangoni kwako hadi kituo cha basi. Bunduki ilikuwa bado mgongoni. Mkono wake ulipanda ukagusa fundo, ukakaa pale. Nilihisi kama mama ameushika. Akaushusha. Wakapita, miguu yao haina sauti, mvuke unatoka puani. Siku ya pili ndipo alipofungua, akapata dume dogo, kwa risasi moja, akalipigia magoti kabla ya kuligusa.

Unasema nimefungia bunduki kwa nguo ya mama. Ndiyo. Nimeifunga! Mtu wa kwanza katika ukoo wetu aliyeifunga bunduki ni mama, na aliifunga akiwa ameshalala kaburini. Kwa hiyo sitaomba msamaha. Nitakuomba vitu vingine vyote, huo sitauomba.

Tantine alipokuja kwetu aliukuta ule mkanda unaning'inia jikoni, umefuliwa. Aliutambua kabla hajavua koti. "Seigneur! Espérance, kufa leo!" akajiambia mwenyewe. Nilimpa kiti, nikampa chai, nikaanza kumweleza. Hakumaliza chai. Simu yake ilikuwa imeshatoka kwenye mkoba.

Wala simlaumu sana. Alisema kikwembe kinakaa. Lakini mimi nauliza, mbele ya kwaya yote inayosoma: kinakaa kufanya nini? Miaka tisa nilikuwa na mama wa sandukuni. Sasa kila tunapotoka namwona anapanda kilima mbele yangu, bluu na njano, kati ya mabega ya mtu ninayempenda, na fundo halilegei. Juzi nilikinusa. Kinanuka moshi, mvua, na Déo. Kinanuka nguo ya mtu aliye hai.

Wewe unaogopa, Papa. Naandika neno hilo kwa heshima, maana nakufahamu. Huogopi kwamba nimemdharau mama. Unaogopa kwamba binti uliyemtoa kule kwa miguu amerudi mwenyewe kwenye kitu kile. Sijarudi. Nilichagua mwanaume aliyetoka Kivu kama sisi, anayejua kama sisi, ambaye kazi yake ya siku tano ni kuwainua wazee kitandani bila kuwaumiza. Na wazee wanasema ana mikono myepesi. Unajua kwa nini? Nilimwonyesha. Mwili mzima, nilimwambia, si mabega. Alipouliza nani alinifundisha nikasema: Papa, na mashine ya kufulia.

Sasa sikiliza kosa langu la pili, ulisikie kwangu kabla ya Tantine.

Siku ya harusi nilikuwa nakuangalia. Ulipiga gitaa umekaa. Wewe, ambaye hujawahi kukaa mbele ya kwaya! Chini ya mkanda wa gitaa uliweka taulo, ukadhani hakuna anayeona, na wimbo ulipokwisha ulilishika bega lako la kushoto ukatabasamu kwa meno. Mabega ni watoto, wewe mwenyewe ulisema. Ulimwambia kila mtu umechoka na safari ya treni. Kutoka Liège, saa moja!

Jumatatu, siku moja baada ya wewe kunikatia simu, nilirudi kwa fundi Issa. Nilikuwa nimelia, macho yamevimba, akadhani nimeachika. Nikamwekea kikwembe mezani. "Tena?" akasema. "Tena," nikasema. Nikakata theluthi ya pili. Upana kwanza, unakaa mabega yote mawili, unapita nyuma ya mgongo, fundo kifuani. Safari hii tulipima kwa ufagio ule ule, na sufuria ndiyo ikawa tumbo la gitaa.

Theluthi iliyobaki nimejifunga mimi ninapokuandikia.

Ulisema nisirudi kwako. Ninakuja. Ninakuja na mume wangu, mikono yake mitupu, bunduki imebaki kwenye kufuli yake Etterbeek. Tutaleta paja la kulungu na sombe. Usipofungua tutakaa kwenye ngazi zako, tule pale pale, na nitamwimbisha Déo, ambaye hajui kuimba, mpaka majirani wakuombe utufungulie. Wewe utakuwa na gitaa, na mimi nina mkanda wake. Nitakufunga mwenyewe, chini, si juu sana, na utapiga umesimama. Kabla mwezi huu haujaisha, Papa.

Mtoto wako wa mgongoni,
sasa mke wa Déo