Kitako Kilichopindia Kushoto

Nyumba ya Pedretti,
Nyuma ya Kinu,
Gardone Val Trompia,
Italia.

9 Machi 2014

Mpendwa Baba mdogo Tullio,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na Mama mdogo Graciela, pamoja na wadogo zangu Mirta na Ezequiel. Mnaendeleaje huko Santa Fe? Kwenye kadi ya Krismasi uliyotuma kwangu na kwa Mama uliandika kwamba goti linakusumbua kila ukipanda trekta. Limepoa, au bado ubishi wa ukoo wetu unakuzuia kumwona daktari?

Huku theluji imerudi juu vileleni, mto Mella umejaa, na uwanja wa shabaha ni matope matupu. Mama hajambo ila sikio lake moja limegoma, kwa hiyo siku hizi nyumbani tunaongea kama watu waliogombana. Mimi bado niko duka la dawa. Shangazi Ersilia naye yupo, amezeeka mwili tu, ulimi haujazeeka.

Baba si mzima. Nimeona niliseme mapema, maana najua utaisoma barua hii ukilitafuta jina lake.

Mapafu yake yamechoka. Daktari hakuzungukazunguka, alisema tukifika naye vuli tumshukuru Mungu. Anakwenda na mtungi wa hewa wenye magurudumu, anauita mbwa wake, na kila akikaa huuambia nao ukae. Kupiga bunduki amekatazwa, kwani kishindo cha begani kinamkata pumzi. Alikubali bila ubishi wowote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko maneno ya daktari.

Mimi na wewe hatujawahi kuonana. Ulipoondoka nilikuwa tumboni mwa Mama. Lakini kuna jambo limetukutanisha bila ya wewe kujua, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa Oktoba Baba aliniomba nimpeleke kwa Bortolo, fundi wa vitako vya bunduki, yule mliyekaa naye dawati moja shuleni. Karakana yake bado iko pale nyuma ya kanisa na bado inanuka mafuta ya kitani. Nilidhani Baba anakwenda kumuaga rafiki. Kumbe Bortolo alikuwa anatungoja. Aliangusha pazia la mlango, akatoa ile bunduki ya kupimia, yenye bawaba na skrubu kwenye kitako, akaifungua mbele yetu tuone kwamba haina risasi, kisha akanikabidhi.

"Simama," Baba akaniambia.

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu mwenye shingo kama twiga? Simama!"

Nikasimama. Ujue, Baba mdogo, kwamba mimi napiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani tangu nikiwa msichana, na napiga kwa bega la kushoto. Katika nyumba yetu nzima ni wewe na mimi tu. Bunduki yangu ni ya kuazima, ile ambayo klabu imewawekea watu wa mkono wa kushoto, fupi na nzito, ambayo kila mtu ameishika kama mwavuli wa ofisini. Baba hakuwahi kusema neno juu ya mkono wangu. Hakunilazimisha kutumia mkono wa kulia hata siku moja. Nilikuwa mtu mzima ndipo Mama aliponieleza kwa nini.

Najua kisa chenu kwa mdomo wa Mama, kwa hiyo kama nimekosea nisahihishe. Babu Angelo alikufa akaacha bunduki moja na wana wawili. Kitako chake kilipindia kulia, kama vya watu wengi. Baba, kwa kuwa ndiye mkubwa, akaamua mtaitumia kwa zamu. Wewe ukaiweka bega la kushoto, ikawa inakupiga kwenye mfupa wa shavu, na visahani vinapita vizima vizima. Siku ya mashindano ya Mtakatifu Faustino ukavikosa vile vya mwisho, na Baba akasema mbele ya klabu yote, "Bunduki haina kosa. Kilichopinda ni wewe." Watu wakacheka. Uliiweka bunduki mezani, na kabla ya majira ya baridi kwisha ulikuwa Argentina.

Baba alifanya kazi ya kunyoosha mitutu kiwandani mpaka alipostaafu. Alikuwa akifumba jicho moja, anatazama kivuli kinavyolala ndani ya chuma, kisha anagonga pale palipopinda. Alidhani na ndugu hunyooka kwa nyundo. Watu wa hapa hawakuingilia. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wao walikwenda kulima.

Basi nirudi karakanani. Bortolo alisimama mbele yangu akaniambia nielekeze mtutu kwenye jicho lake, kama ilivyo desturi ya kupima, naye akatazama jicho langu limekaa wapi. Akakaza skrubu hii, akalegeza ile, akakipinda kitako upande wa kushoto taratibu mpaka jicho langu likakaa katikati ya mtutu bila mimi kuinamisha kichwa. Sikuwahi kujua kwamba bunduki inaweza kukaa hivyo. Baba alikuwa kwenye kiti, mbwa wake miguuni. Alisema maneno machache tu.

"Shingo ile ile. Shavu lile lile."

Nilidhani anasema juu yangu na yeye mwenyewe. Kisha akachagua mbao, kipande cha mjozi chenye mishipa myeusi ambacho Bortolo alikuwa akikificha wateja wengine wasikione. Mama aliposikia alinung'unika kwamba paa la ghala linavuja na watu wananunua bunduki. Baba akamwambia ahamishe ndoo.

Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilijifungia bafuni nikalia. Jumapili ile nikaoka keki, mimi ambaye jiko likiniona hukimbia, na Baba akaila yote akikohoa bila kulalamika. Nikajisemea, hatimaye ameniona.

Mwezi uliopita Bortolo akapiga simu kwamba bunduki iko tayari. Hujasahau desturi yetu: kitako hakipakwi mafuta mpaka mwenyewe apige risasi zake za kwanza. Fundi anakwenda naye uwanjani na tupa mkononi, anapunguza pale panapogusa shavu, ndipo mbao inakunywa mafuta na kuwa ya mtu huyo hadi kufa kwake. Tukaenda sote watatu. Nilivaa shati jipya ndani ya koti, ungedhani nakwenda kuposwa.

Nikaiweka begani, bado tupu, nijaribu tu. Shavu langu likaangukia nyuma kuliko ilivyofaa. Kidole kikakifikia kifyatulio kwa taabu, na mkono wa mbele ulinyooka kama wa mtu anayeokota kitu chini ya kitanda. Kilipinda vizuri kabisa, lakini kilikuwa kirefu. Kilinizidi vidole viwili.

"Bortolo," nikasema, "umekosea kipimo. Kirefu hiki."

Katika bonde hili kumwambia fundi wa vitako amekosea kipimo ni kama kumwambia padri amesahau Baba Yetu. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alimtazama Baba, na Baba akatazama matope.

"Mwambie," Bortolo akasema.

"Mwambie wewe. Mimi sina pumzi."

"Ya kutukana watu unayo siku zote, Battista. Hii ya kusema kweli ndiyo huna?"

Bortolo akaenda kwenye gari lake akarudi na koti. Ni lile koti lako la kupigia shabaha, la kijani, lenye kipande cha ngozi kwenye bega la kushoto, na ngozi yenyewe imechakaa pale bunduki ya Babu ilipokuwa ikikugonga. Kumbe miaka yote lilikuwa darini kwetu, ndani ya mfuko wenye dawa ya nondo.

"Shingo na shavu tulichukua kwako," Bortolo akaniambia, "maana umetoka vile vile alivyo. Urefu wa mkono tukachukua hapa." Akalaza mkono wa koti juu ya bunduki. Ulilingana na kitako kile barabara. "Mikono haipungui kwa uzee. Tumbo, hilo sijui."

Sitakudanganya, Baba mdogo. Nilikuchukia. Wewe ambaye hujanikosea lolote, nilikuchukia pale pale kwenye matope. Nikamgeukia Baba.

"Maisha yangu yote naazima bunduki ya klabu. Leo unanisimamisha kama sanamu ya fundi cherehani ili umshonee mtu mwingine?"

Alichukua muda mrefu kupata pumzi. Nilimwona akiivuta kutoka kwenye ule mtungi, mkono kifuani, na nikajuta kumuuliza, lakini sikuondoa swali langu.

"Wewe sijakukosea," akasema. "Yeye nilimkosea."

Hakuna aliyepiga siku hiyo. Tulirudi nyumbani. Mama alipakua ugali wa polenta na maini, kila mtu akatazama sahani yake, hata Mama mwenye sikio bovu akasikia kwamba kuna jambo. Ilinichukua siku kadhaa kupoa. Kilichonipoza ni kumwona Baba mezani na karatasi, anaandika jina lako, anakaa, anaikunja, anaitia kwenye jiko la kuni. Kesho yake tena hivyo hivyo. Hajawahi kulipita jina lako. Na simu hataki hata kuigusa, anasema simu ni ya kuulizia bei ya mahindi.

Sasa bunduki iko kwa Bortolo, imefungwa kwa kitambaa, inaning'inia mbali na jiko. Mbao yake bado haijapakwa kitu. Bila mafuta inakunywa unyevu, na Bortolo anasema hawezi kuiacha hivyo kupita mwanzo wa kiangazi, itajikunja. Lakini hataipaka mpaka shavu la mwenyewe liiguse. Nimembembeleza aipake tu, akaniuliza kama duka letu huuza dawa kabla mgonjwa hajaja.

Na Baba ameshasema neno lake: "Tullio asipokuja, Bortolo akate. Itakuwa yako." Vidole viwili tu, msumeno unapita mara moja, na itanikaa mimi kama nilizaliwa nayo. Lakini mbao ikikatwa hairudi. Haitakuwa yako tena, wala Baba hatakuwa na muda wa kutengeneza nyingine.

Ndiyo maana nakuandikia. Sikuombi umsamehe, hilo ni lenu ninyi wawili, mimi nilikuwa tumboni. Nakuomba uje uiweke begani, mara moja tu, yeye akiwa anaona. Mambo ya vibali tuachie mimi na Bortolo, na kitanda kipo. Kama huwezi kuja, au hutaki, niandikie waziwazi, nami mwenyewe nitampelekea Bortolo jibu lako na sitakulaumu. Ila usikae kimya. Kimya ndicho mlichokula ninyi wawili tangu kabla sijazaliwa, na hakijamshibisha yeyote.

Nikueleze na hili, uniwekee siri. Naitaka bunduki ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Nikipita nyuma ya kanisa miguu inataka kuingia yenyewe. Na kila Jumapili nikipiga magoti ninaomba nisiipate.

Nisalimie sana Mama mdogo Graciela, umwambie keki ya mahindi aliyonitumia maelekezo yake iliungua lakini ililiwa. Wabusu Mirta na Ezequiel. Mama na Shangazi Ersilia wanakusalimu. Bortolo anasema kwenye karata ulikuwa mwizi na anatumaini hujaacha.

Nilikuwa nimefika hapa Baba akaingia na mbwa wake. Nikafunika karatasi, akausogeza mkono wangu. Alisoma amesimama, kurasa zote, na ule mtungi ukipuliza. Nilidhani ataitia jikoni pamoja na zile zake. Akairudisha mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Mwambie aje na mabuti," akasema. "Uwanja ni matope."

Alipofika mlangoni akageuka.

"Na siku hiyo kiti changu mkiweke upande wake wa kushoto. Nimwone vizuri."

Mungu akulinde, alilainishe goti lako, na akufungulie njia mapema.

Mwenye shingo yako, akupendaye kabla ya kukuona,

Ornella