Baiskeli ya wifi isiyo na kiti

Shoga, acha unachofanya. ACHA.

Si unajua baiskeli yangu ina miezi mitatu kwenye matangazo ya mtandaoni? Kikapu kipo, kengele ipo, breki zinashika. Hajapiga simu hata mwehu mmoja.

Basi wiki iliyopita wifi naye katangaza yake. Haina kiti. HAINA KITI, shoga! Mnyororo umeliwa na kutu. Kaiegemeza kwenye maua, kaandika: "Baiskeli ya heshima. Kiti kimeondolewa kwa afya ya mgongo." Bei ya pikipiki!

Na watu wanaisifia! Roho ikaniuma, sikufichi. Nikiamka nachungulia tangazo lake, nikipika nachungulia. Mboga zimeungua mara mbili.

Jana likaandikwa IMEUZWA. Nikanuna kutwa nzima, najiuliza ni mjinga gani huyo.

Leo mume wangu kaingia uani anaisukuma. Meno yote nje. "Nilikuona unavyoiangalia kwenye simu kila siku, nikajua mke wangu anaitamani."

Anaitamani! Mimi!

Nikamuuliza kwa upole, hela umetoa wapi? Eti dada yake kamfikiria kwa kuwa ni damu moja. Kakubali kuchukua ya kwangu, na mume wangu akaongezea hela kidogo tu.

Ya kwangu, shoga. Yenye kiti.

Sasa hivi wifi kapita hapa dirishani kaikalia, mgongo umenyooka kama mshumaa. Akaniona. Akapiga kengele.