Kitako cha Chungu Chako

Shosho,

Bibi yangu, nimekileta Nyeri kile chungu chako. Nilikikuta kwenye kibanda chako kule Murang'a, kimepinduliwa mdomo chini juu ya majani ya migomba, nusu ya juu imekamilika, kitako bado. Ulikiacha kikauke kidogo, ukaingia ndani kujinyoosha mchana, na hukuamka tena. Siku ya mazishi Tata, binti yako wa mwisho, alikitazama akauliza, "Na hii haina chini, ni ya nini?" Kabla sijamjibu alikuwa ameshawafungia vifaranga humo.

Nilicheka, Shosho. Mbele ya mchungaji. Halafu nikalia mpaka wakanishika.

Sasa kiko kwenye rafu ya karakana yangu, na wewe unanisumbua, nasema wazi. Nikizungusha gurudumu la kufinyangia nasikia harufu ya ugoro wako, nageuka, hakuna mtu. Wewe ulinifundisha nikiwa mtoto kuanza na mdomo, kuuacha ukauke, kupindua, ndipo nifunge chini. Kule Uholanzi, miaka yote ile, walinifundisha kuanza na kitako na kupanda juu, na mikono ikazoea. Tangu tukuzike imechanganyikiwa. Naanza chini, vidole vinakimbilia mdomo. Vikombe vinatoka vimeinama upande mmoja, upande ule ule wa vyungu vyako.

Hapa sokoni wananiuliza, "Hizi vikombe umetoa China, ama?" Kule Uholanzi walikuwa wakiniuliza Afrika iko wapi kwenye sahani zangu, utadhani nimeisahau kwenye treni. Nilikuwa nakupigia simu, unaniambia, "Wacha waseme, wewe finyanga," yanaisha. Sasa nimpigie nani?

Rafiki yangu wa Uholanzi, anayeandaa maonyesho, ameona picha ya chungu chako. Anataka nikichome hivyo hivyo, wazi, kiwekwe kwenye meza nyeupe. Anasema kinaeleza kifo vizuri. Tata anataka nikiponde kirudi udongo, maana ulisema kila mara kwamba chungu hufungwa na mkono uliokianza, na mkono huo tumeuzika. Niliwasikiliza wote wawili, na kila mmoja aliniuma.

Jana nilikishusha. Kilikuwa kimekauka kabisa. Kwa njia yako kisingeshika tena udongo mbichi. Lakini kule Uholanzi nilijifunza kuponda karatasi iliyolowekwa ndani ya udongo, na uji huo hushika hata pakavu. Nikautengeneza kwa udongo wa mto wenu. Nikakizunguka nikiubandika ukingoni, nikazunguka, shimo likazidi kuwa dogo. Lilipobaki la kupitisha kidole tu, niliogopa. Nilihisi nakufungia ndani. Nikasema kwa sauti, Shosho, kama hutaki, nizuie sasa.

Tata alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kunikataza, najua, alikuwa na uso ule wake. Akatazama mikono yangu kwa muda, kisha akaniita, "Wanjira. Maliza."

Jina lako. Nililopewa nilipozaliwa, kama ilivyo kwetu, ili uendelee kuwepo. Tangu mazishi Tata hakuwa amelitamka. Sikujua anamwambia nani kati yangu na wewe, na nadhani hata yeye hakujua. Nikafunga.

Leo asubuhi nimekigeuza, nikaingiza mkono nisawazishe ndani. Nimekuta alama za vidole vyako, zimekauka kwenye ukuta wake. Nimeweka vyangu juu yake. Sikuweza kuvitoa haraka.

Hakiendi Uholanzi, Shosho. Rafiki yangu nitampelekea vikombe vilivyoinama, na sitavinyoosha. Chungu nitakichoma kwako uani, kwa kuni. Kikipasuka, nitaanza kingine. Kikipona, nitapikia humo njahi, yale maharagwe yetu meusi, Tata ale, na majirani waliokubeba hadi kaburini wale. Sitakiweka rafuni nikakaa nakitazama. Nakuahidi nitakitumia kupikia mwaka hadi mwaka, mpaka mwiko umalize kuzifuta alama zako zote.

Lala sasa. Tafadhali lala.

Wanjira