Baba Anasahau Dawa ya Kukumbuka

Shangazi Somalatha, kabla hujanigombeza naomba unisikilize hadi mwisho, maana jambo hili nimelibeba tangu sikukuu za Mwaka Mpya na nyumbani sina wa kumwambia, ndipo nikaandika kwenye safu yako gazetini. Baba yangu ni tabibu wa mitishamba hapa Kegalle, kama baba yake na babu yake, na kinachompa jina ni samli ya kumbukumbu, ile ya majani ya gotukola yanayotwangwa mabichi na kuchemshwa ndani ya samli ya ng'ombe mpaka maji yakauke, watu wanatoka mbali kuwachukulia watoto wanaokaribia mitihani na wazee wanaosahau, na ni mimi ninayechuma, ninayetwanga na kukoroga, mwaka wa kumi na tisa huu, ila kitu kimoja cha mwisho sikijui, kwa sababu unajua mwenyewe matabibu wetu hawafungui ngumi yote, la mwisho huachiwa mrithi kitandani pa kufia, na mrithi ni kaka yangu Lasantha aliyeko Italia, basi baba hunigeuzia mgongo, akatia kitu chake, yakaisha.

Sasa Shangazi, baba anasahau. Alianza kwa kuniita Kusuma, jina la marehemu mama, nikacheka. Halafu akamwuliza mgonjwa mmoja mara tatu anatoka kijiji gani. Mwezi uliopita alisimama mbele ya sufuria, ngumi imefumbwa, akanitazama kama mtoto aliyepotea gulioni, akasema, "Binti, hivi nimeshatia?" nami kwa huruma nikamjibu, "Umeshatia, baba," na wala sikuona kitu, nilikuwa napuliza moto. Akashukuru, akarudisha kitu chake mkobani. Samli ile imegawiwa, na yeye mwenyewe anailamba vijiko vitatu kwa siku badala ya kimoja. Nikimtajia hospitali anafoka, "Nimewakumbusha watu wilaya nzima, leo daktari wa juzi aniulize mimi leo ni siku gani?" Nikampigia Lasantha, akasema, "We dada, ukimwuliza dawa sasa atajua tunamchimbia kaburi. Nyamaza." Nimenyamaza, Shangazi, lakini naogopa nitampoteza baba na dawa yake kwa pamoja. Nifanye nini?

Nilmini, Kegalle

*

Nilmini mwanangu, nimekusikiliza hadi mwisho, sasa nakugombeza. Huruma yako naielewa, hata mimi machozi yalinilenga. Lakini dawa si mchuzi, useme chumvi ikipungua wataongeza mezani. Samli iliyobaki imwage leo, kisha pita nyumba kwa nyumba kwa waliochukua, uwaambie imeharibika jikoni, warudishe. Wanafunzi hawatafeli kwa kukosa samli. Wapikiwe uji wa gotukola asubuhi, kipande cha sukari guru pembeni, na walale mapema.

Pili, mganga hajigangi. Kusahau kwa wazee kuna sababu nyingi: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, hata huzuni ya kufiwa na mke, na hizo zinatibika. Nyingine haziponi, ila mgonjwa na nyumba yake husaidiwa. Wewe hujui ni ipi, mimi sijui, na samli haijui. Mpeleke kliniki, na chupa uibebe, daktari aone anachokilamba. Akifoka, mwulize ni mgonjwa gani aliyewahi kumtibu bila kumshika mshipa kwanza. Atatafuta viatu, namjua mtu wa namna hiyo, niliolewa naye.

Haya, ngumi. Aliyekuambia unyamaze yuko mbali na moshi. Wazee walifumba ngumi ili dawa isiangukie mikono ya ovyo, hawakufumba ili izikwe nao. Asubuhi, akishakunywa chai na akili imetulia, kaa chini mbele yake useme, "Baba, siku ile sikuona. Nilikudanganya." Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Kisha injika sufuria, umwombe apike nawe, na safari hii usipulize moto, simama upande wa uso wake. Mtu anayefumba ngumi halafu akamwuliza binti yake kama kilichomo kimeshatoka, huyo amekwisha kukuamini kuliko unavyojiamini. Akionyesha, andika siku hiyohiyo, kitu na kipimo chake. Akiwa hakumbuki tena, usimlilie mbele yake. Pika uji, mnywe wote wawili, mjaribu kesho.

Lakini baba kugawa dawa peke yake, basi. Kuanzia leo hakuna chupa inayotoka bila mkono wako.

Na Lasantha akipiga simu, mwambie nyumba ina tabibu mpya, anaitwa Nilmini, na mgonjwa wake wa kwanza ni baba.