Nilimwandika Mchumba Wangu Kwenye Orodha ya Washukiwa

Shangazi mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha na hofu kwa pamoja na sijui nianze na ipi. Mimi ni mkaguzi wa mlangoni kwenye jengo la serikali la ghorofa kumi, ndiye ninayepekua mikoba na kuwapitishia watu kile kifaa kinacholia kikikuta chuma, na tangu ianze kampeni ya kupambana na magaidi kila mkaguzi anatakiwa ajaze fomu ya majina matatu ya watu wa kutiliwa shaka kila siku, kisha jeshi likapelekwa vitani ng'ambo ya mpaka, tukaambiwa sasa tutakuwa salama zaidi, na majina yakawa matano. Shangazi, matano nitayatoa wapi? Wanaoingia ni wahasibu na akina mama wanaofuata vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Ndipo akaja fundi wa lifti, tunamwita Bisibisi, mrefu, ana sanduku la vyuma linalofanya kifaa changu kilie mpaka naona aibu, na siku moja nimebakiza mstari mmoja nikamwomba jina kamili, namba ya simu na anapoishi, kumbe yeye akadhani nimempenda, jioni akapiga simu. Basi tukaanza, na mimi nilipagawa, lakini msimamizi naye alitaka fomu yake, kwa hiyo kila nilipobakiza mstari nikawa namwandika yeye tu maana maelezo yake nilikuwa nayo kichwani, naye akawa anakuja hata lifti ikiwa nzima, nikaandika "anarudi mara kwa mara bila sababu", na pale penye tabia nikaandika "anatabasamu mno". Mara kumi na moja, Shangazi. Na alikuwa ananitabasamia mimi.

Mwezi uliopita watu wa usalama wakamchukua, wakamhoji siku mbili, wakamwachia bila kosa lakini kibali chake cha kuingia majengo ya serikali wamekifuta, na kazi zake zote zilikuwa huko, siku hizi anatengeneza feni za majirani. Juzi amenichumbia, nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi, wazazi wetu wanakutana Jumamosi ya wiki ijayo, halafu akanishika mkono akasema, "Wewe si uko pale ndani, mpenzi? Nitafutie aliyeniandika. Sitamfanya kitu, nataka tu nimuulize aliona nini kwangu." Nikamwambia nitaulizia. Nitaulizia, mimi huyo huyo. Jina lake linaweza kufutwa nikisaini maelezo kwamba nilimwandika bila sababu, lakini msimamizi amesema anayesaini hivyo huenda akaachishwa kazi, na cha kuchekesha ni kwamba mlango wa nyuma wa jengo haufungi tangu mwaka jana, nimeripoti mara nne, tunaufunga kwa kamba. Nimwambie au ninyamaze mpaka tuoane? Na haya tunayofanya yanatulinda kweli, au nimemharibia mtu bure?

Mkaguzi Aliyepagawa

Mkaguzi, nimecheka hadi jirani akabisha hodi, halafu nikakumbuka kuna mtu anatengeneza feni, nikaacha.

Nianze na swali lako la mwisho. Magaidi wapo, mimi si mtoto, na nikiingia jengoni napenda nitoke mzima. Lakini kila mlango unapeleka majina matano kwa siku, na huko juu kuna ofisa amekaa anasoma kwamba fundi wa lifti anatabasamu. Mtu mbaya kweli akipita, jina lake litakuwa chini ya rundo la wachumba wenu, tena kama atajisumbua kupita kwako wakati nyuma kuna kamba. Na hivyo vita vingekuwa vinapunguza maadui, wangewapunguzia mistari ya fomu. Kwa hiyo hapana, mwanangu, kwa mtindo huo hamkumlinda mtu. Mmempotezea fundi kazi, na huenda ndiye angewatengenezea huo mlango.

Sasa wewe. Asubuhi unapendwa, mchana unashtaki, na hukuona tatizo mpaka lilipokuja kukuchumbia? Usimsingizie msimamizi. Mara ya kwanza ulibanwa, nakuelewa. Mara ya kumi na moja ulikuwa mvivu. Kunyamaza hadi muoane sahau kabisa, kwa sababu ofisi zina midomo, na akiambiwa na mtu mwingine hutakuwa na pa kuuweka uso.

Kesho asubuhi saini hayo maelezo, taja na habari ya mlango, uombe nakala yenye mhuri. Halafu kaa na Bisibisi, mpe nakala aisome kabla hujaanza kulia, maana ukilia kwanza atakubembeleza, na safari hii si zamu yako kubembelezwa. Mwambie wazazi wanaweza kusubiri. Akicheka, umepata mume. Akiondoka, mwache aende, utalia kwa shangazi yako, lakini atakuwa ameondoka na jina safi.

Kazi ikibaki, ifanye. Siku usipomwona mtu wa kutiliwa shaka, andika "hakuna" kwenye mistari yote mitano, utie sahihi. Msimamizi atafoka. Mwache afoke, ili siku utakapoandika jina moja, wote waruke vitini.