Alama kwenye Paja la Farasi

Mama yangu mpenzi,

Nimekaa barazani kwako hapa Heru Juu, beseni la maji ya uvuguvugu miguuni, na nakuandikia kwa hasira kidogo. Usinune. Hasira yenyewe ina mapenzi ndani yake.

Farasi wako wa mwisho ninaye mimi. Yule wa plastiki, wa rangi ya waridi, uliyemchambua mwenyewe kwenye robota la midoli ya mitumba sokoni Kasulu, ukafariki kabla hujammaliza. Jumamosi tunamaliza msiba wako. Mama mdogo Susana, mdogo wako wa pekee, amefika kutoka Kumsenga na amri mkononi: nimsugue farasi huyo mpaka paja libaki tupu, kama ulivyozoea, ndipo apewe mjukuu wako. Nimemwambia sisugui.

Nakukumbuka ulivyonifundisha. Shingo inachovywa kwenye maji ya moto ilegee, kichwa kinavutwa taratibu, kisha tunatoa ule waya wa mkia ulioota kutu tumboni. Mkia ukiwa umenyonyoka tulimwekea rasta. Nywele tuliziosha kwa sabuni, tukachana kuanzia nchani, halafu tukazichovya kwenye maji ya moto zinyooke, vilevile kama msusi anavyomalizia kichwa cha mteja. Wewe mwenyewe hukuwahi kumwona farasi aliye hai, lakini mtu akisema "nipe huyo punda," ulimkata jicho mpaka akaomba radhi! Nilicheka sana siku hizo.

Na kila farasi alikuja na picha pajani: ua, nyota, kipepeo. Wewe uliona chapa, kama ya ng'ombe. "Huyu ana mwenyewe, mwana wanje, mwanangu," ulisema. "Wakiiona hiyo chapa, tutaulizwa tumemtoa wapi." Ukachukua pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha, ukasugua mpaka ua la watu likaisha. Nilipokueleza kwamba wanatoka nazo kiwandani, ulijibu bila kuinua uso, "Basi mwenyewe ni kiwanda."

Sasa naelewa kwamba hukumwogopa mwenye farasi. Uliogopa swali. *Uri uwa he?* Wewe ni wa wapi? Uliulizwa dukani, ukaulizwa zahanati, ukaulizwa hata na majirani tuliolima nao mihogo. Uraia ulipata, karatasi ukaifungia sandukuni, lakini bado ulijibu "Kasulu" haraka haraka kama mtu anayefunga mlango. Nilipokuuliza mimi, mwanao, ulinituma kuchota maji.

Jina la kilima cha kwenu nimelisikia makaburini. Mama mdogo alilia akiita, "Umekufa mbali na Gisagara, dada yangu!" Nikamuuliza mtu aliyesimama kando yangu Gisagara ni wapi. Akaniambia ni ng'ambo, Burundi, upande wa Cankuzo. Iliniuma, mama. Nimekuzika ndipo nikajua ulikozaliwa.

Huyu wa waridi ulikuwa umelifuta ua lake nusu. Nimemwomba rangi kidogo mchora mabango wa pale mjini, na leo asubuhi nimelimalizia kwa kijiti. Petali zangu ni nene kuliko za kiwandani, moja imepinda, ila ua ni zima. Mama mdogo aliligusa kwa kidole.

"Marehemu angelifuta hili."

"Marehemu alikuwa na hofu, mama mdogo. Mimi sina."

Aliketi kando yangu. Kisha akaanza kunisimulia, kwa Kirundi chenu cha zamani, jinsi wewe ulivyombeba mgongoni usiku mlipovuka mpaka, na kwamba hamkuruhusiwa kulia. Tulilia sasa, sote wawili, mchana kweupe.

Jumamosi baada ya sala nitapewa nafasi ya kukuelezea. Kaka ameshanipa ushauri: niseme ulikuwa mkulima na mfanyabiashara wa Kasulu, inatosha. Haitoshi. Nitasimama mbele ya kwaya, majirani na mwenyekiti wa kijiji, niseme: mama yangu alizaliwa Gisagara, akaja hapa kwa miguu akiwa na mdogo wake mgongoni. Ukikasirika, nisubiri huko uliko, nitakuja kukuangukia. Lakini nitasema.

Pumzika, mama.

Kitindamimba wako