Mishumaa ya Kuiamsha Pua ya Baba

12 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo wewe na Mama? Mimi mzima, ila cherehani inanimaliza mgongo.

Mama ameniambia ulichonificha: tangu ile homa husikii harufu yoyote, unaunguza mikate mpaka wateja wanakukimbia, na sasa unataka kumuuzia fundi baiskeli duka lako pamoja na tanuri. Baba! Usiuze kwanza. Mwuguzi ninayepanga naye chumba anasema pua hufundishwa upya, kama mtoto anavyofundishwa kutembea: unanusa harufu chache kila siku, bila pupa. Nimekutumia mishumaa yenye manukato. Iwashe jioni.

Mwanao, mshonaji

27 Februari

Mwanangu mshonaji,

Marahaba. Hatujambo, lakini ngoja nikueleze. Mishumaa imefika, myekundu na ya zambarau, imepambwa kama bibi harusi. Niliiwasha yote pamoja. Mimi sikusikia kitu. Aliyesikia ni mama yako: kifua kikambana, kichwa kikamgonga, akatoka nje na mto kwapani. "Afadhali moshi wa tanuri," akasema, "ule najua umetoka kwenye kuni."

Asubuhi tukakuta masizi ukutani. Kibandiko kinasema "Upepo wa Bahari", basi, hakuna la zaidi. Bahari gani hiyo yenye masizi?

Ahsante kwa moyo wako. Fundi baiskeli amekuja tena kupima mlango wa duka.

Baba yako

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama mpe pole nyingi. Kifua chake kinaendeleaje?

Mara ile nilinunua kwa macho. Safari hii nimenunua kwa maswali. Sokoni, mwuzaji wa kwanza nilimwuliza mishumaa yake imetengenezwa kwa nini, akajibu, "Kwa kuwaka." Wa pili akaapa kwamba yake ni ya asili kabisa. Nikamwuliza, asili ya nini? Akanuna.

Halafu nikampata mama mmoja mfuga nyuki. Alinimegea kipande cha nta ninuse: kilinukia asali kwa mbali, basi. Akanionyesha utambi, uzi wa pamba mtupu, hauna waya ndani. Akanitajia kila alichotia, bila kumung'unya maneno: nta ya nyuki na mafuta ya karafuu. Huu mwingine limau, ule mdalasini.

"Kwa hiyo haina moshi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Mwanangu, kinachowaka kina moshi. Fupisha utambi, fungua dirisha, uzime mapema. Mtu akikuambia mshumaa wake hauna moshi kabisa, mkimbie."

Hapo ndipo nilipomwamini, nikakununulia hiyo mitatu. Basi Baba, mmoja mmoja, siyo yote kama sherehe. Nusa kwanza kabla hujauwasha, fumba macho, ukumbuke. Mama akikohoa tu, uuzime, uendelee kuunusa hivyo hivyo bila moto.

Mwanao

26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama hajambo. Anakaa nami mezani, hakohoi, na mto umebaki kitandani.

Mimi nanusa kama mbwa wa polisi, lakini wapi! Karafuu, kimya. Limau, kimya. Kila nikiinua kichwa mama yako ananiuliza, "Vipi?" kama mtu niliyetoka kumposea mchumba. Nimechoka, mwanangu. Mwokaji asiye na pua ni sawa na dereva asiye na macho. Fundi baiskeli anataka jibu, nami nitampa.

Baba yako

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kimya chako kimenitia hofu, na simu ya Mama haipatikani. Kama umeshauza, niambie, sitakulaumu. Mikono yako imetulisha sote. Lakini kama bado, nusa tena leo. Mwuguzi anasema pua nyingine huchukua miezi.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu, kipenzi changu,

Marahaba, marahaba! Simu ya mama yako ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, nami sikuwa na la kukuandikia mpaka juzi.

Fundi baiskeli alikuwa sebuleni na shahidi wake, kalamu iko mezani. Mama yako akaja, akaniwekea mshumaa mbele yangu, haujawashwa. Nikafumba macho kumridhisha tu. Kitu kikanipita puani, chembamba kama uzi. Kikarudi.

"Mdalasini," nikasema.

"Umekisia," akasema mama yako. Akanifunga kitambaa machoni, akaleta mwingine.

"Limau!"

Akaleta wa tatu. "Karafuu, mke wangu. Karafuu!"

Shahidi akapiga makofi, akasahau amekuja kushuhudia nini. Fundi baiskeli, mtu muungwana yule, akairudisha kalamu mfukoni. "Mzee," akasema, "mimi nitatafuta mlango mwingine. Huu una mwenyewe."

Jana nimewasha tanuri. Nisikudanganye, harufu nyingi bado hazijarudi, nyingine zinarudi zinachechemea, na ninatazama saa pia. Lakini mikate ya kwanza niliitoa kwa pua hii hii, na foleni ikafika kwa kinyozi. Katikati ya kazi mama yako akapita nyuma yangu na beseni la unga. Nikamshika mkono.

"Umebadilisha mafuta ya nywele."

"Tangu ulipoumwa," akasema.

Akacheka huku machozi yanamtoka, wateja wote wanatutazama, unga umetumwagikia miguuni, nami sikumwachia.

Baba yako, mwokaji